Hatari Isiyohisiwa: Mishipa ya Fahamu na Kisa cha Owino Uhuru



Hebu fikiria jambo dogo linalotokea majikoni kila jioni mwezi wa saumu. Mtu ana haraka ya futari, anashika mfuniko wa sufuria bila ya kitambaa. Kabla hajasema lolote, mkono umeshautupa mfuniko. Halafu ndipo anaposikia maumivu, na baada ya maumivu ndipo anapopiga kelele. Angalia mpangilio huo vizuri: mkono unaondoka kwanza, uchungu unakuja baadaye. Basi ni nani aliyeuamuru mkono? Si yeye mwenyewe, maana alikuwa hajajua bado.

Makala haya yanaeleza ulinzi huo wa ajabu tuliopewa, na jinsi wanadamu walivyochukua zaidi ya miaka 2,000 kuufahamu. Lakini hatutaishia hapo. Kuna kijiji hapa hapa kwetu, bara ya Mombasa, upande wa Changamwe, ambako watu walivamiwa na kitu ambacho ulinzi huo hauwezi kukigundua, tena kitu chenye kuushambulia ulinzi wenyewe. Kijiji hicho ni Owino Uhuru. Wengi wetu tumepita Mikindani kwa matatu mara nyingi tu bila ya kujua yaliyotokea pale.

HABARI ZINAVYOSAFIRI MWILINI

Sisi Waswahili tunataja mishipa ya aina mbili kila siku. Iko mishipa ya damu, na iko mishipa ya fahamu. Jina hili la pili ni zuri, kwa sababu linaeleza kazi yenyewe: ni mishipa ya kufahamu. Kazi yake ni kupokea habari, kuipeleka, na kurudisha amri.

Chini ya ngozi ya vidole vyako kuna ncha za mishipa hiyo, kila moja na kazi yake. Ziko za mguso, ziko za baridi, ziko za joto na ziko za maumivu. Zile za joto kali zina mlango mdogo ambao hufunguka joto linapopita takriban nyuzi 43. Tena mlango huo huo hufunguliwa na pilipili. Ndiyo maana tunasema pilipili mbuzi inachoma, hata kama imetoka kwenye friji. Ulimi haujaungua, lakini ubongo umeletewa habari ile ile ya moto.

Mlango ukifunguka, chembe za chumvi aina ya sodiamu huingia ndani ya mshipa, na hapo umeme mdogo huanza kukimbia kuelekea kwenye uboho ulio ndani ya uti wa mgongo. Kwa jambo la hatari, uboho haungojei ubongo. Hutoa amri pale pale, nayo hurudi kwa mshipa mwingine hadi kwenye misuli ya mkono, na mkono ukaondoka. Habari ya kwenda kwenye ubongo hupelekwa wakati huo huo, lakini safari yake ni ndefu zaidi. Yote haya hufanyika ndani ya sehemu ndogo tu ya sekunde moja.

Hata maumivu yenyewe yana mwendo wa namna mbili. Yako yanayokwenda kwa kasi ya mita 5 hadi 30 kwa sekunde, na yako ya polepole, yasiyofika sana mita 2 kwa sekunde. Ndio maana ukijigonga kidole cha mguu kwenye kizingiti, kwanza unasikia mchomo mkali, kisha baada ya kitambo kidogo yanakuja yale maumivu mazito ya kuvuma. Ni habari moja iliyofika kwa njia mbili.

Si maumivu peke yake. Kiu unayoisikia alasiri ukiwa na saumu nayo ni habari. Kuna sehemu ndogo ndani ya ubongo inayopima chumvi katika damu. Maji yakipungua chumvi huzidi, na hapo ubongo hukutaka maji na huziamuru figo zisimwage mengi.

Sasa kuna jambo moja naomba uliweke akilini, kwa sababu tutalihitaji mbele. Mishipa ya fahamu kwa kawaida haikuungana moja kwa moja kama nyaya za stima. Baina ya mmoja na mwingine kuna mwanya mdogo sana. Umeme ukifika ukingoni mwa mwanya hauruki. Hapo huingia kalsiamu, madini yale yale yaliyomo kwenye maziwa na mifupa, na kuingia kwake ndiyo ruhusa ya kumwaga kemikali inayovuka mwanya na kuuamsha mshipa wa pili. Kalsiamu isipopata njia, habari inakwama.

WALIOTUTANGULIA KATIKA ELIMU HII

Haya hayakujulikana kwa siku moja. Takriban miaka 300 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, tabibu Herophilus aliyekuwa Iskandaria, Misri, alipasua maiti na kuona kwamba mishipa ya fahamu si mishipa ya damu. Kabla yake watu walikuwa wakiichanganya, hata na kano. Katika karne ya 2 baada ya Isa akaja Galen, naye akakata mshipa mmoja wa fahamu shingoni mwa mnyama aliyekuwa akilia mbele ya watu. Mnyama akanyamaza ghafla, ingawa alikuwa hai. Watu wakaona kwa macho yao kwamba sauti huamriwa na ubongo kupitia mshipa, na si moyo kama wengi walivyodhani.

Elimu hiyo ikaingia katika lugha ya Kiarabu, na hapo ikapata watu wa kuipanga na kuihoji. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliandika kitabu cha al-Qanun fi al-Tibb, na ndani yake akaeleza mishipa inavyotoka kwenye ubongo na uti wa mgongo, na kwamba kazi yake ni hisi na harakati. Wewe uliyesoma madrasa utayatambua maneno hayo mara moja. Hisi, haraka na fahamu ni maneno tuliyoyapokea kutoka Kiarabu hicho hicho, na leo tunayatumia sokoni bila ya kufikiria kwamba yaliwahi kuwa maneno ya matabibu. Kitabu cha Ibn Sina kilifasiriwa kwa Kilatini katika karne ya 12, na vyuo vya Ulaya vikakisomesha kwa mamia ya miaka.

Wakati huo huo aliishi Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra na kufanya kazi Misri. Kabla yake wengi waliamini kwamba jicho hutoa miali inayokwenda kukigusa kitu. Yeye katika Kitab al-Manazir akasema kinyume: nuru ndiyo inayotoka kwenye kitu na kuingia jichoni. Miongoni mwa hoja zake ni hii, ambayo hata mtoto ataielewa: ukilitazama jua, jicho linauma. Kinachouma ni kile kinachopokea. Kwa hoja hiyo jicho likawa mpokeaji wa habari.

Lakini hakuna aliyejua bado ni kitu gani hasa kinachopita ndani ya mshipa. Galen alidhani ni pumzi laini, na wengi wakamfuata. Ilibidi kungoja hadi mwaka 1791, Luigi Galvani wa Italia alipochapisha majaribio yake juu ya miguu ya vyura waliokufa, ambayo ilirusha mateke ilipoguswa kwa umeme. Mwaka 1850 Hermann von Helmholtz wa Ujerumani akapima kasi ya habari katika mshipa wa chura, akapata kiasi cha mita 25 hadi 40 kwa sekunde. Wataalamu walishangaa, maana walidhani ni kasi isiyopimika. Mwaka 1897 Charles Sherrington wa Uingereza akaupa jina ule mwanya baina ya mishipa. Na mwaka 1997 David Julius wa Marekani, kwa kutumia ukali wa pilipili, akaugundua ule mlango wa joto niliokutajia. Yeye na Ardem Patapoutian, mzaliwa wa Beirut, ambaye aligundua milango ya mguso, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2021.

KITU AMBACHO NGOZI HAIKIJUI

Ukisoma yote haya unaweza kudhani kwamba mwili hauna hatari usiyoijua. Sivyo. Mishipa ya fahamu hugundua kile tu ambacho ina mlango wake. Moshi wa jiko la makaa unausikia puani, lakini ile gesi ya sumu inayotoka kwenye makaa haina harufu, na kila mara tunasikia watu waliolala na jiko ndani ya chumba kilichofungwa wasiamke. Hawakusikia chochote cha kuwaamsha.

Risasi ni hatari ya namna hiyo. Sisemi risasi ya bunduki, nasema madini yenyewe, ambayo wengi huita ledi. Wavuvi wetu wanayajua kama chubwi ya mshipi. Mafundi wanayajua kwa lehemu. Na wenye magari wanayo ndani ya betri. Ni madini mazito, laini, yanayoyeyuka kwa moto mdogo, na kwa sababu hiyo watu wameyatumia tangu zamani. Vumbi lake halichomi ngozi. Ukilimeza huhisi kitu. Baadhi ya chumvi zake zina ladha tamu, na Warumi walichemsha maji ya zabibu katika vyombo vya risasi ili kupata utamu huo.

Kwamba ni sumu si habari mpya. Nikander, mshairi wa Kiyunani wa karne ya 2 kabla ya Isa, alieleza mtu aliyekula risasi anavyoumwa na tumbo na kupooza viungo. Vitruvius, mjenzi wa Kirumi, aliona rangi ya ngozi ya wafanyakazi wa risasi ilivyofifia, akawaonya watu wasipitishe maji ya kunywa katika mabomba yake. Miaka ya baadaye matabibu waliwajua wafua risasi na wapaka rangi kwa viganja vyao, vilivyokuwa vikining'inia bila ya nguvu, kwa sababu mshipa wa kuviinua ulikuwa umeharibika. Mwaka 1904 daktari mmoja wa Queensland, Australia, J. Lockhart Gibson, alieleza kwamba watoto aliokuwa akiwatibu walikuwa wakipata sumu kutokana na rangi ya kwenye varanda za nyumba zao. Mtoto hushika, kisha hutia kidole mdomoni. Na mwaka 1979 Herbert Needleman wa Marekani alipima risasi iliyokuwemo kwenye meno ya watoto yaliyong'oka, akakuta kwamba waliokuwa na nyingi walikuwa nyuma katika masomo na katika kutulia darasani, ingawa kwa kuwatazama walionekana wazima kabisa.

Vipi risasi hufanya hivyo? Hapa ndipo ile kalsiamu inaporudi. Chembe ya risasi hufanana na chembe ya kalsiamu kiasi cha kuipita milango yake. Huingia mahali pa kalsiamu, hukalia nafasi yake, na ile ruhusa ya kupitisha habari haitoki sawasawa. Kwa mtu mzima madhara yake ni makubwa, lakini kwa mtoto ni zaidi, kwani ubongo wake bado unajenga njia zake. Shirika la Afya Duniani linasema mtoto mdogo hufyonza risasi aliyoimeza mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima, na kwamba hakuna kiwango kinachojulikana kuwa ni salama. Mtoto mwenye upungufu wa madini ya chuma na kalsiamu hufyonza zaidi, yaani maskini anaumia kuliko tajiri kwa vumbi lile lile.

YALIYOTOKEA OWINO UHURU WETU WA MIKINDANI

Owino Uhuru ni kijiji cha watu wapatao 3,000, nyumba za udongo na mabati zilizobanana. Mwaka 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari, Metal Refinery (EPZ), kilianza kazi ukutani mwa kijiji. Betri zilivunjwa, tindikali ikamwagwa, risasi ikayeyushwa na kupelekwa nje ya nchi. Kwa vijana wa pale ilikuwa ni kazi, na kazi katika mji huu haikataliwi ovyo. Moshi ulitanda juu ya mapaa, na maji machafu yakatiririka mitaroni ambamo watoto walicheza.

Mwaka 2009 kiwanda kilimwajiri mama mmoja kijana, Phyllis Omido, ashughulikie uhusiano na jamii. Alishiriki katika kutathmini athari za kiwanda kwa mazingira, akaona kwamba hakifai kuwa karibu na makaazi ya watu. Wakubwa hawakukubali. Haukupita muda mwanawe mchanga akaugua, homa haishuki, usingizi hapati. Akatibiwa maradhi ya kawaida yetu, malaria na homa ya matumbo, asipone. Damu ilipopimwa ikakutwa na risasi. Mtoto hakuwahi kupelekwa kiwandani. Sumu ilimfikia kupitia maziwa ya mama yake.

Tuangalie vizuri hapo, ndugu msomaji. Mama alikuwa amejaa sumu na hakuhisi. Macho yake, pua yake, ngozi yake, havikumwambia. Mishipa ya fahamu yote ya mwili wake haikuwa na mlango wa habari hiyo. Kilichomwambia ni mtoto aliyelia, na karatasi ya maabara.

Omido akaacha kazi, na mwaka 2009 huo huo akaanzisha shirika la kutetea haki na mazingira, CJGEA. Wakaandika barua, wakaandamana. Mwaka 2012 alikamatwa pamoja na wakaazi wengine akashtakiwa kwa uchochezi, na baadaye mahakama ikamwachia. Mwaka huo huo alivamiwa na watu wenye silaha. Januari 2014 kiwanda kikafungwa. Mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Goldman ya mazingira, na mwaka 2023 akawa miongoni mwa waliopewa tuzo ya Right Livelihood. Yeye mwenyewe aliendelea kusema kwamba tuzo hazijaisafisha ardhi.

Kwamba sumu ilibaki baada ya kiwanda kufungwa si maneno ya wanaharakati peke yao. Mwaka 2015 watafiti walipima damu ya watoto 130, nusu wa Owino Uhuru na nusu wa kijiji cha Bangladesh, hapo hapo Mikindani, na matokeo yakachapishwa mwaka 2018. Wastani wa watoto wa Owino Uhuru ulikuwa maikrogramu 7.4 za risasi kwa desilita moja ya damu. Wa Bangladesh walikuwa 3.7, kiasi cha nusu yake. Mchanga wa Owino Uhuru ulikuwa na risasi zaidi ya mara 10 ya ule wa Bangladesh. Shirika la Afya Duniani linataka chanzo cha sumu kitafutwe na kuondolewa pindi mtoto anapofikia 5. Na hii ilikuwa zaidi ya mwaka mmoja baada ya moshi wenyewe kukoma.

Wakaazi wakaenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa Mombasa mwaka 2016. Walidai juu ya watoto wagonjwa, mimba zilizoharibika na jamaa waliofariki. Tarehe 16 Julai 2020 mahakama ikaamua kwamba haki zao zimevunjwa, na ikawataja wenye kiwanda na pia idara za serikali zilizopaswa kuwalinda. Iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, na ardhi isafishwe ndani ya miezi 4, au zilipwe shilingi milioni 700 za kuisafisha. Juni 2023 Mahakama ya Rufaa ikaiondoa ile fidia. Disemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha.

Hesabu mwenyewe. Tangu betri ya kwanza kuyeyushwa hadi neno la mwisho la mahakama ni miaka 17. Mkono huachia sufuria kabla mwenyewe hajajua kinachomchoma. Nchi yetu ilijua mapema sana, maana barua zilipelekwa, matokeo ya damu yalionyeshwa, watu walisimama barabarani na mabango. Habari ilifika. Amri ya kurudi ndiyo iliyokawia, kila ofisi ikingojea nyingine.

Wala hatuko peke yetu. Kule Thiaroye-sur-Mer, kitongoji cha Dakar nchini Senegal, watoto 18 walikufa baina ya mwisho wa 2007 na mwanzo wa 2008 kwa sababu ya risasi ya betri kuukuu. Zamfara, kaskazini mwa Nigeria, mwaka 2010, zaidi ya watoto 400 walikufa kutokana na mawe ya dhahabu yenye risasi yaliyosagwa majumbani. Lakini pia yapo yaliyowezekana. Petroli yetu ilikuwa ikitiwa risasi. Mwaka 2001 nchi za Afrika zilikubaliana mjini Dakar kuiondoa, na kufikia mwanzo wa 2006 Kenya ilikuwa imeshaiacha. Mwaka 2021 Algeria ikawa nchi ya mwisho duniani kuiacha katika magari. Wanaozaliwa Changamwe leo hawaivuti hiyo barabarani.

YANAYOTUHUSU SISI NYUMBANI

Usiseme haya ni ya Owino Uhuru, sisi tuko Kisauni au Likoni. Betri kuukuu zinavunjwa nyuma ya nyumba mitaa mingi. Wapo vijana wanaoyeyusha risasi kwenye makopo ili wapate chubwi au lehemu, na mtoto mdogo amechuchumaa pembeni anatazama. Mwambie ndugu yako asifanye hivyo uani, na nguo alizofanyia kazi asizichanganye na za watoto.

Na liko moja linalozihusu nyumba zetu za Waislamu hasa. Wanja. Tunawapaka watoto wachanga, tena kwa mapenzi. Wataalamu waliopima wanja zinazouzwa Oman na Imarati wamekuta kwamba baadhi yake si ithmidi, bali ni galena, yaani jiwe la risasi lililosagwa. Kwa macho huwezi kuzitofautisha, zote ni nyeusi zenye kung'aa. Mtoto hujisugua jicho, kisha huweka mkono mdomoni. Kama huna uhakika na ule wanja wa kwenye kichupa kisicho na jina, macho ya mtoto ni mazuri bila yake.

Mengine ni mepesi. Watoto waoshe mikono kabla ya kula, na vumbi la nyumba lipanguswe kwa kitambaa cha maji kuliko kufagiliwa likapeperuka. Chakula chenye chuma na kalsiamu, kama dagaa, mchicha, kunde na maziwa, humpunguzia mtoto kiasi anachofyonza, ingawa hakiitoi sumu iliyokwisha kuingia. Na ikiwa mtoto amekaa karibu na mahali pa namna hiyo, mwombe daktari damu ipimwe risasi, uitaje kwa jina, kwani kipimo cha malaria hakitaionyesha kamwe.

Nimalizie kwa jambo moja juu ya mifupa. Damu huanza kupunguza risasi yake baada ya wiki kadhaa mtu akiepushwa na sumu, lakini sehemu kubwa huwa imeshahamia kwenye mifupa, mahali pa kalsiamu, na huko hukaa miaka 20 na zaidi. Mwanamke akishika mimba, mifupa yake hutoa kalsiamu kumjenga mtoto, na risasi hutoka pamoja nayo. Msichana aliyekuwa na miaka 5 pale Owino Uhuru mwaka 2010 sasa ni mwanamke kijana, rika la wengi wanaosoma ukurasa huu. Pengine anasoma chuo, pengine ameolewa. Hasikii maumivu yoyote mifupani mwake. Yeye ndiye anayestahili kupimwa kabla ya kuzaa, apewe kalsiamu na kuangaliwa na madaktari katika mimba yake, na fidia ile inapolipwa, ifike mikononi mwake yeye na wenzake. Ukimjua mmoja wao, mfikishie habari hii.